Dole Gumba la Kushoto

Kocha wetu hafunui karatasi mpaka alambe dole gumba. Huutoa ulimi, hulipitisha dole juu yake polepole kama mtu anayeonja mchuzi, kisha hulikandamiza kwenye pembe ya fomu, na pembe hiyo hubaki na doa la maji mpaka likauke lenyewe. Kwa miaka kumi na moja fomu zote za wachezaji walioumia zimenifikia zikiwa na doa hilo. Nimejifunza kuzishika kwa pembe nyingine. Mtu huzoea, na hakuna kitu kinachonitia kichefuchefu siku hizi kama kukumbuka jinsi nilivyozoea.

Jumatatu ile niliipokea fomu kwa ncha za vidole, naye akiwa amesimama mlangoni mwa chumba changu cha tiba akichokonoa meno. Ilikuwa ya mlinda mlango wetu, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu ambaye mashabiki wamembandika jina la Gundi kwa jinsi mpira unavyonata mikononi mwake. Jumamosi, katika nusu fainali, alijirusha kuzuia shuti la karibu, mpira ukalikuta dole lake gumba la kulia ukalisukuma nje, mbali na vidole vingine. Alimaliza mechi hivyohivyo. Tulishinda, na fainali ilikuwa baada ya wiki tatu.

"Nataka neno moja tu, Dokta," Kocha alisema. "Atakuwepo au hatakuwepo?"

Mimi si daktari. Ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Wachezaji waliniita Dokta tangu wiki ya kwanza nami sikuwakanya, kwa kuwa jina lilinikaa vizuri mwilini.

Chumba changu kiko chini ya jukwaa kuu. Bomba la choo cha mashabiki limepita juu ya dari, na siku za mechi dari hutoa jasho ambalo sijawahi kutaka kujua ni jasho la nini. Kitanda kimechanika mara nyingi, nami nimekiziba kwa plasta juu ya plasta. Chini yake sifongo imenyonya dawa za kuchua na jasho la misimu kumi na moja, na ukikaa vibaya hutema harufu yote kwa mkupuo. Gundi alikuwa amekaa vibaya, mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya ndoo ya barafu, akinitazama kama mtoto anayesubiri kuambiwa anaweza kwenda kucheza.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Unashika mfupa wa kiganja, unakikunja kiungo kidogo, kisha unalisukuma dole kwenda nje. Ubavuni mwa kiungo hicho kuna kano nyembamba ambayo kazi yake ni kukataa. Ikiwa nzima, dole hugota. Ikiwa imekatika, dole huenda tu, huenda mpaka wewe mwenyewe uone haya na kuliacha. Na kwa kuwa watu hawakuumbwa sawa, tulifundishwa tusihukumu mkono mmoja peke yake: mkono mzima ndio shahidi, uite ujibu.

Nililisukuma la kulia. Lilikwenda. Nilipapasa chini ya ngozi nikakuta kinundu kidogo, kama punje ya dengu, na kinundu mahali hapo kina maana moja tu vitabuni. Ncha ya kano imekatika ikarudi nyuma, na utando wa msuli umejipenyeza katikati ya ncha na mfupa ukavitenganisha. Hapo hata ulifunge dole mwaka mzima, ncha haitarudi kwake. Ni kisu cha daktari tu.

Nikamwita shahidi. Nililisukuma la kushoto nalo likaenda, likaenda vilevile, na palepale nikakuta kinundu kama kile, ila kigumu zaidi. Nilishusha pumzi. Sitasahau utamu wa pumzi ile.

"Viungo vyako vimelegea hivi tangu utotoni, siyo?" nilimuuliza.

"Labda," alisema Gundi. "Sijui. Labda."

Sikumuuliza kama mkono wa kushoto uliwahi kuumia. Swali hilo mwanafunzi wa mwaka wa pili hulijua; huulizwa kabla hujagusa mtu. Mimi niliuliza swali lililobeba jibu lake mgongoni, na mlangoni kijiti cha meno kikaacha kuchokonoa. Nikaandika: *Mtetereko mdogo wa kano. Viungo vimelegea kwa maumbile, pande zote mbili sawa. Gango wiki mbili, kisha bandeji. Anaruhusiwa kucheza.* Nikatia saini. Kocha alilamba dole akaichukua karatasi yake.

Wiki mbili zikapita, gango la plastiki likiwa limelibana dole la Gundi naye akifanya mazoezi ya kukimbia peke yake pembeni mwa uwanja. Nilipolivua Jumatatu ya tatu nilimpa karatasi aibane kati ya dole gumba na kidole cha shahada, nikaivuta. Ilichomoka bila ubishi. Nikajaribu kushoto, nayo ikachomoka. Sawa kwa sawa, nikasema, nikaridhika, mjinga mimi.

Siku iliyofuata nilikwenda kusuka nywele. Saluni ni ya dada yake Gundi, mtaa wa pili kutoka uwanjani, vyumba viwili vyenye vioo vinne na sinki moja, na Gundi hufanya kazi pale siku ambazo hatuna mechi. Nilitaka anisuke yeye. Zamani nilimjua kwa mistari yake: ilikuwa midogo, iliyonyooka, ikikaa kichwani mwezi mzima bila kulegea.

"Kaa nikusuke mimi," dada yake aliniambia, akanikalisha kitini na kukishika kichwa changu kwa nguvu za mwenye mali. "Huyu siku hizi ni wa kuosha tu."

"Kwa ajili ya dole?"

Alikuwa na chanuo mdomoni. Kwenye kioo nilimwona Gundi sinkini akiosha kichwa cha bibi mmoja. Aliosha kwa viganja, vidole vyake vinne vikienda pamoja, madole gumba yakining'inia pembeni bila kazi. Kisha akaichukua chupa mpya ya shampuu kwa mkono wa kushoto, akaipeleka mdomoni, akakiuma kifuniko, akakizungusha kwa magego na kukitemea sinkini pamoja na mate, karibu kabisa na sikio la yule bibi. Nilisisimka mwili kwa kinyaa. Mwanamke mzima, nikajisemea, mbele za wateja.

"Dole lipi?" dada yake alisema alipotoa chanuo. "La juzi? La juzi hata halihesabiki. Huyu kaacha kusuka zamani, tangu lile la kushoto. Ile mechi ya kwenye matope, miaka minne sasa. Si wewe uliyemfunga? Alirudi hapa na bandeji kama bibi harusi, nikamwambia nenda hospitali, akanijibu Dokta kasema ni mshtuko tu, litakaa sawa. Basi, tukasubiri likae sawa. Akisuka, upande mmoja unalegea kabla mteja hajafika kwake. Watu wakawa wananirudia wanalalamika. Nikamweka sinkini. Inua kichwa."

Nikainua kichwa. Nilikuwa nimesukwa upande mmoja na upande mwingine umesimama, na nywele zangu zilikuwa zimeshikwa barabara, kwa hiyo sikuwa na pa kutazama isipokuwa kiooni. Gundi alikuwa anafungua chupa ya pili. Safari hii sikukiona kinyaa kwake. Kilihama, kikapita juu ya kichwa cha yule bibi, kikaja kukaa pale kitini. Nilikaa saa mbili nzima nikisukwa, nikajibu "mm" kila nilipoulizwa kama inauma.

Nilirudi kwenye chumba cha tiba nikafungua kabati la mafaili. Nilikuwa na funguo zake siku zote. Lilikuwa hatua tatu kutoka kitandani. Ndani mlinuka unyevu na mende. Fomu niliyoitafuta ilikuwa imeshikamana na ya mchezaji mwingine kwa kitu cha manjano ambacho kilipaswa kubanduliwa kwa kucha, na pembeni lilikuwepo doa la Kocha, limekauka likawa kama ramani. Mwandiko ulikuwa wangu. Wakati ule niliandika vizuri zaidi. *Dole gumba la kushoto. Mshtuko. Limefungwa wakati wa mapumziko. Amerudi uwanjani kipindi cha pili.*

Hakuna kipimo. Hakuna tarehe ya kurudi kuonwa. Dakika kumi na tano za mapumziko, wachezaji watatu kitandani kwa zamu, na mmoja wao nikamwambia ni mshtuko. Sikukumbuka hata uso wake siku ile. Miaka minne baadaye nilimwita shahidi yuleyule niliyemvunja mwenyewe, nikamuuliza kama ulimwengu uko sawa, naye akanijibu alivyoweza. Nyani haoni kundule. Nilikuwa nimekaa miaka kumi na moja nikitazama mate ya mtu kwenye pembe za karatasi, na katikati ya karatasi hizo ni mimi niliyekuwa nimeandika.

Niliosha mikono. Nikaiosha tena. Sabuni ya pale huacha utelezi, na kila nilipoinusa niliona bado.

Asubuhi nilimpigia simu bingwa wa upasuaji wa mikono, mtu niliyesoma naye darasa moja kabla hajatupita wote. Nilimweleza kiungo na kinundu.

"Kinundu umekishika mwenyewe?" aliuliza.

"Nimekishika."

"Basi unajua. Unanipigia simu ya nini?" Nikamsikia akifunua kurasa. "Ijumaa asubuhi nina nafasi. Hiyo itakuwa karibu wiki ya tatu. Ikipita hapo ncha inajikunja na kukauka, sitaipata ya kushona. Akijirusha nalo hata mara moja zaidi, siahidi kitu. Baada ya upasuaji mkono unafungwa mwezi na zaidi, na mpira asiuguse mpaka miezi mitatu, minne."

"Na la miaka minne?"

Kurasa ziliacha kufunuliwa. "La miaka minne la nani?"

"La huyohuyo. Mkono wa pili."

"Hilo tutaliongelea baadaye," alisema, akiwa amepunguza sauti. "Kuna namna ya kuazima kano mkononi na kuipandikiza. Nguvu zitarudi kiasi fulani. Lakini hilo la kulia ndilo pekee linaloweza kurudi kuwa dole. Mlete."

Alhamisi nilimfuata Kocha ofisini kwake. Alikuwa akila yai la kuchemsha, na fomu za fainali zilikuwa mezani pamoja na maganda. Nilimwambia ninaiondoa saini yangu.

"Saini si kamasi, Dokta, kwamba utaifuta kwa leso," alisema. "Si uliandika mwenyewe viungo vyake ndivyo vilivyo?"

"Nilikosea. Kano imekatika. Kesho anatakiwa hospitali."

"Kesho!" Alicheka, na kiini cha yai kilikuwa kimetanda kwenye meno yake ya mbele. "Kesho kutwa ni fainali. Miaka kumi na moja huyu mama anatafuta kombe, wewe unamletea hospitali. Mchome sindano ya ganzi, mfunge, Jumapili mpeleke unakotaka. Kidole kimoja hicho. Ana vingine tisa."

"Vinane."

"Nini?"

"La kushoto nalo lilikatika. Miaka minne iliyopita. Nililifunga mimi, ukamrudisha uwanjani wewe."

Alitafuna. Nilitazama taya zikipanda na kushuka, nikingoja kitu kionekane usoni mwake, aibu au hasira au hata woga. Alimeza tu. Kisha akalamba dole gumba, akafunua fomu ya juu, akaitafuta ya Gundi na kuisukuma upande wangu.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema. "Hii ni timu. Usiposaini wewe atasaini mwingine, wa kusaini hawakosi. Na mwenyewe akitaka kucheza, utamzuia kwa sheria ipi? Muulize. Muulize kama anataka."

Nilikuwa najua anachotaka. Na nilijua, nikishuka ngazi kwenda chumbani, kwamba Kocha alinipa mlango wa uani. Ningeweza kumwambia Gundi habari za mkono wa kulia tu: kano imekatika, nimegundua, nenda kesho kwa bingwa. Ningekuwa Dokta aliyemwokoa dakika ya mwisho. La kushoto angeambiwa na bingwa, au asiambiwe na mtu, naye angeendelea kuosha vichwa akidhani ni uchovu. Niliitafuna fikra hiyo ngazi zote kumi na nne. Inanitia kinyaa leo kuandika kwamba sikuitema mpaka nilipoushika mlango.

Gundi alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa kitandani amevaa jezi ya mazoezi, glavu zikiwa mapajani, na roli ya bandeji ameiandaa pembeni ya kigoda changu ili nisipoteze muda. Nje wenzake walikuwa wakipasha misuli moto, wakihesabu kwa sauti.

"Nifunge vizuri, Dokta," alisema. "Kocha anataka kunijaribu kwa mashuti ishirini."

"Sikufungi."

Akacheka, akidhani ni utani. Nikaketi kwenye kigoda hicho mbele yake nikamwambia. Nilianza na la kushoto. Nilimwambia kuhusu mechi ya matope, dakika kumi na tano, neno mshtuko. Nikamwonyesha fomu. Nikamwambia kwamba zaidi ya wiki mbili zilizopita nilililinganisha dole bovu na dole nililoliharibu nikaita uzima, na kwamba la kulia bado lina nafasi moja nayo ni kesho asubuhi, na kwamba akiingia uwanjani Jumamosi huenda atoke na kombe na asitoke na mkono. Nilisema yote bila kupumzika, maana nilijua nikipumzika nitaanza kujitetea.

Alipoona nimemaliza alizitazama glavu.

"Mimi nilidhani ndivyo madole ya watu wote yalivyo," alisema.

Sikuelewa.

"Kwamba ukikua yanachoka. Ufunguo unaushika kwa ngumi. Chupa unaifungua kwa meno. Nilimwona mama yangu akifungua kwa meno, nikasema basi, nami nimefika huko." Alizigeuza glavu. "Dada aliniita mvivu. Mwaka mzima aliniita mvivu, nami nikajiuliza labda kweli."

"Si mvivu."

"Usiniambie mimi si nini." Hakupaza sauti. "Wewe umeshaniambia sana mimi ni nini. Mshtuko. Maumbile. Leo umekuja na lingine, na leo ndiyo siku ya kuniambia, kesho kutwa fainali. Kwa nini nikuamini leo?"

Nilimwambia asiniamini. Nilimwambia aende kwa bingwa akamsikie, nauli na nafasi nimeshapanga, na kama baada ya hapo atataka kucheza, sitasimama mlangoni. Lakini bandeji sitaifunga mimi, wala sindano sitaichoma mimi, na fomu itakwenda kwa wenye mashindano ikiwa na nilichokiandika leo, madole yote mawili, na jina langu chini.

Nje filimbi ilipigwa. Mtu aliita jina lake, la mashabiki, akalirefusha mwishoni kama wanavyofanya majukwaani. Gundi hakuinuka. Alikuwa anatazama mikono yangu.

"Lete," alisema.

"Nini?"

"Dole lako. Lifanyie ulichonifanyia, nione. Hapana, lete, nitafanya mwenyewe."

Nilimpa mkono wa kulia. Aliushika kama nilivyoushika wake, kiganja chake kikibana mfupa wa kiganja changu, na kwa kuwa hakuweza kulibana dole langu kwa dole lake, alilizungushia vidole vinne kama mtu anayeshika mpini. Akalisukuma nje. Likaenda kidogo likagota. Akasimama. Akaninyanyulia macho, kisha akayashusha, akasukuma tena, kwa upole, kama anayesukuma mlango akiwa hana hakika kama kuna mtu ndani. Likagota.

"Linakataa," alisema.

"Ndiyo."

"Hivi ndivyo linavyokuwa."

"Hivi ndivyo."

Alirudia mara ya tatu, ya nne. Filimbi ikalia tena, ndefu, na viatu vyenye meno vikasikika kwenye saruji ya korido vikija upande wetu. Safari hii hakusukuma kwa upole. Maumivu yalinipanda mpaka kiwikoni, nami nikauacha mkono mikononi mwake, nikitazama uso wake ulioinamia kile kiungo kidogo, akisikiliza mahali dole linapogotea.